Augustino: Mwalimu aliyeibeza Biblia, akaaga dunia akiisoma ukutani

NI Wakristo wachache ambao maandishi yao kuhusu safari ya moyo kuelekea kwa Mungu yamesomwa kwa karne nyingi kama ya Augustino wa Hippo. Mwafrika huyu alizaliwa Novemba 13, 354 katika mji mdogo wa Thagaste, unaojulikana leo kama Souk Ahras nchini Algeria. Hata hivyo, alipoifungua Biblia kwa mara ya kwanza kwa nia ya kutafuta hekima, aliifunga kwa dharau.

Babake, Patricius, hakuwa Mkristo hadi miaka yake ya mwisho. Mamake, Monika, alikuwa mcha Mungu aliyemwombea mwanawe usiku na mchana. Familia haikuwa na mali nyingi, na Augustino alipofikisha umri wa miaka 16 masomo yake yalikatizwa kwa ukosefu wa fedha. Ni katika mwaka huo ambapo yeye na vijana wenzake waliiba matunda ya jirani usiku, si kwa njaa bali kwa raha ya kuiba, kisha wakawatupia nguruwe.

Baadaye alifadhiliwa na tajiri wa kwao aliyeitwa Romanianus, akaendelea na masomo mjini Carthage. Huko aliishi na mwanamke ambaye jina lake hakulitaja katika maandishi yake, wakajaliwa mwana, Adeodatus. Akiwa na takriban miaka 18, alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, nacho kikaamsha ndani yake kiu ya hekima.

Ndipo alipoigeukia Biblia. Tafsiri ya Kilatini iliyotumika Afrika wakati huo ilikuwa ya lugha ya kawaida mno, na kijana aliyezoea ufasaha wa Cicero aliiona haina hadhi. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba Maandiko yana mlango mfupi, na kwamba yeye hakuwa tayari kuinama ili aingie. Badala yake aliwafuata Wamani, kundi lililomwahidi ukweli kwa nguvu ya akili bila kuhitaji imani. Alikaa nao kwa miaka tisa.

Mnamo 383 alivuka bahari hadi Roma, na mwaka uliofuata akateuliwa mwalimu wa ufasaha mjini Milan, kulikokuwa na makao ya mfalme. Alianza kuhudhuria mahubiri ya Askofu Ambrosi ili kupima usogora wake tu. Lakini pamoja na maneno matamu, maana nayo ilianza kupenya. Ambrosi alimfunza kwamba visa vingi vya Agano la Kale alivyovicheka vilibeba maana ya ndani. Aidha, Augustino alimwona askofu huyo akisoma kimya, macho yakipita juu ya kurasa huku ulimi umetulia. Wageni waliingia, wakaketi, wakaondoka bila kumkatiza.

Mnamo 386, mgeni kwa jina Ponticianus alimsimulia habari za Antoni wa Misri, aliyesikia Injili ikisomwa kanisani akagawa mali yake yote. Augustino alichomwa moyo. Alitoka akaenda bustanini akilia, akasikia sauti kama ya mtoto ikirudia wimbo wa kumtaka achukue asome. Alirudi mahali alipokuwa ameketi rafiki yake Alypius, akauchukua waraka wa Paulo kwa Warumi na kusoma maneno machache ya sura ya 13, yanayoonya dhidi ya ulevi na uasherati. Shaka zikamwondoka.

Wengi hukumbuka siku hiyo ya bustani ya Milan. Wachache hukumbuka miaka 44 iliyofuata, ambayo ndiyo iliyomkaribisha kwa Mungu hatua kwa hatua.

Kwanza aliacha kazi yake yenye heshima, akaenda kukaa mashambani na jamaa na marafiki, akisali na kusoma zaburi. Alimwandikia Ambrosi kuuliza aanze na kitabu gani. Alipoelekezwa kwa nabii Isaya, hakuelewa kurasa za mwanzo, akakiweka kando hadi atakapokomaa. Alibatizwa Pasaka ya 387 pamoja na mwanawe na Alypius. Mwaka huo huo Monika alifariki mjini Ostia, wakiwa safarini kurejea Afrika.

Mnamo 391 alizuru Hippo, mji unaoitwa Annaba leo. Waumini walimshika na kumpeleka mbele ya Askofu Valerius ili awe kasisi, naye akalia machozi. Msomi huyo aliyevuma kisha akamwandikia askofu wake akiomba muda wa kuyasoma Maandiko upya. Aligundua kuwa kusoma kwa ajili ya nafsi yake ni jambo moja, na kuwalisha wengine ni jingine.

Akiwa askofu, aliishi na makasisi wake chini ya paa moja, mali yao ikiwa ya pamoja. Walisomeana wakati wa mlo, na mezani paliandikwa onyo dhidi ya wasengenyaji. Pia aliweka kanuni ya kusoma Biblia: anayedhani ameielewa, ilhali ufahamu wake haujengi upendo kwa Mungu na kwa jirani, bado hajaielewa.

Kanuni hiyo inamhukumu yeye mwenyewe pia. Katika mgogoro na Wadonato waliojitenga na kanisa, awali alishikilia kuwa watu washawishiwe kwa hoja. Baadaye aliunga mkono sheria za dola za kuwarejesha kwa nguvu, akitumia mfano wa Yesu wa karamu kujitetea. Vizazi vilivyofuata viliiga hoja hiyo kuwatesa watu. Ucha Mungu wa miaka mingi haumzuii mtu kulisoma Neno kwa jicho la mwenye mamlaka.

Mnamo 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Augustino, aliyekuwa na miaka 75, aliugua homa. Kwa mujibu wa Possidius, rafiki yake aliyeandika maisha yake, aliagiza zaburi za toba za Daudi zinakiliwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Kwa siku 10 hivi aliomba asitembelewe isipokuwa na matabibu au wanaomletea chakula, akasoma na kulia. Aliyeandika vitabu vingi kuhusu Mungu alimaliza safari kwa maombi yale yale yanayosomwa na muumini yeyote.

Alifariki Agosti 28, 430. Hakuacha wosia kwa kuwa hakuwa na mali ya kurithisha. Alichosisitiza ni kwamba vitabu vya maktaba ya kanisa vitunzwe, ili watakaokuja baadaye wapate kusoma.