Cameron Atafuta Mlango wa Ziwa

Mtu akisimama juu ya Kabasha, akitazama kaskazini, huona kwa mbali maji ya Ziwa Edouard. Maji yale hutoka kwa mto Semliki, huingia katika Ziwa Albert, na mwisho hufika katika Nili. Lakini Ziwa Tanganyika, lililo mbali kusini, maji yake hutokea wapi? Zamani Wazungu walibishana sana juu ya jambo hilo. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, wakakuta mto Rusizi unaingia, hautoki.

Aliyeupata mlango ni baharia Mwingereza, Verney Lovett Cameron. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1844, na alipokuwa na miaka 13 tu aliingia katika jeshi la majini. Mwaka 1873 chama cha wanajiografia cha London kilimtuma kumpelekea Livingstone msaada. Alichelewa. Alipokuwa Tabora, mwezi wa Oktoba, walifika watumishi wa Livingstone, Susi na Chuma na wenzao, wakichukua maiti ya bwana wao kuipeleka pwani. Wazungu watatu walikuwa wametoka pwani pamoja na Cameron. Wawili walikufa na wa tatu alirudi. Yeye akaendelea mbele.

Mwezi wa Februari 1874 alifika Ujiji. Kwanza alizitafuta karatasi za Livingstone, akazipeleka pwani. Ndipo akapata mashua mbili: kubwa aliiita Betsy, na ndogo Pickle. Mwezi wa Machi wakatweka tanga, wakashika njia ya kusini.

Safari ile haikuwa mchezo. Tanganyika ni ziwa lenye kina kirefu kuliko yote ya Afrika, na upepo wake huamka ghafula. Mahali pengi milima inashuka wima hata majini kama ukuta wa nyumba. Dhoruba ikija, hakuna mchanga wa kuvutia mashua. Kwa hiyo wapiga makasia waliogopa, na mara nyingi walikataa kuvuka ghuba. Katika rasi ya Kabogo waongozaji walitoa shanga kwa pepo wa mahali pale, wapate kupita salama. Cameron mwenyewe alishikwa na homa. Hata hivyo kila siku alipima pwani na kuandika. Kila ghuba waliingia, na kila mto waliutazama: unaingia au unatoka? Walihesabu mito 96, na yote ilikuwa inaingia.

Walizunguka mwisho wa kusini, wakarudi kaskazini kwa pwani ya magharibi. Mwanzo wa Mei, katika nchi ambayo leo ni Kongo, walikuta pengo katika milima. Ulikuwa mlango wa Lukuga. Mbele yake palikuwa na ukingo wa mchanga, lakini njia ya maji ilikuwapo. Wakaingia, na Cameron akaona maji yanakwenda ndani, yanatoka ziwani! Baada ya kilometa chache majani yaeleayo yaliziba njia yote, mashua haikuweza kupita. Mfalme wa pale alimwambia kwamba mto ule unafika Lualaba. Basi wenyeji walijua tangu zamani. Ni Wazungu tu waliokuwa hawajawauliza.

Cameron aliacha mashua, akavuka Afrika kwa miguu. Tarehe 7 Novemba 1875 alifika Katombela, katika pwani ya Angola, amekonda na mgonjwa sana. Lakini watu wengine hawakusadiki habari za Lukuga. Mwaka 1876 Stanley alifika pale na mashua yake, akaona matope na mafunjo, na maji hayatoki wazi. Je, Cameron alikuwa amesema uongo?

Hapana. Miaka mingine majani na udongo huziba mlango, na ziwa hupanda polepole. Kisha maji hushinda. Mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari wa Kiprotestanti aliyekuwa baharia pia, alifika Lukuga, akakuta mto wa nguvu unakimbia kuelekea magharibi, na ziwa limeanza kupungua.

Cameron alikufa Uingereza mwezi wa Machi 1894, baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Karibu na mlango ule umejengwa mji wa Kalemie, ulioitwa zamani Albertville.