Kipofu Aliyetawala Mbio za Motokaa

Sisi tupendao motokaa twayajua majina ya Ford na Benz, lakini jina la Ralph Teetor ni wachache waliolisikia. Basi naona inafaa nimweleze hapa.

Bwana Teetor alizaliwa mwaka 1890 katika mji mdogo wa Hagerstown, jimbo la Indiana, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka 5 alijiumiza jicho kwa kisu, na haukupita muda mrefu akawa kipofu kabisa. Wazazi wake hawakumfungia ndani. Alikulia karakanani, akijifunza vyuma kwa vidole, na mwaka 1912 alihitimu uinjinia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumia vidole hivyo hivyo kusawazisha rota za mitambo ya mvuke ya manowari. Mwaka 1936 alikuwa rais wa chama cha mainjinia wa motokaa huko Marekani.

Yasimuliwa kwamba alipopakiwa na wakili wake, motokaa ilipunguza mwendo kila wakili aliposema, ikaongeza kila aliponyamaza kusikiliza. Mimi nadhani mwenye macho asingejali, kwa kuwa angekuwa akitazama mashamba. Teetor aliudhika, akaanza kutengeneza chombo. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1950, na Chrysler wakakiuza katika motokaa zao za mwaka 1958.

Ndani yake mlikuwa na vizito vidogo vilivyozunguka. Mbio zikizidi, vilitanuka vikishindana na springi, na pedali ya mafuta ikausukuma mguu wa dereva. Baadaye aliongeza sehemu ya umeme ya kuushika mwendo. Dereva akigusa breki, chombo kiliachia mara moja.

Katika motokaa nyingi za leo vitufe kadhaa vya usukani hushirikiana waya mmoja: kila kitufe kina rezista yake, na kompyuta hukitambua kwa volti inayopokea. Kwa hiyo atakaye kuongeza kitufe sharti apime ohmu kwanza. Wenzangu wa klabu ya sayansi waliniuliza kama twaweza kuuruka waya wa swichi ya breki, ili kazi iwe nyepesi. Niliwajibu la, waya huo hauguswi. Ukikosekana, motokaa yaweza kuendelea kuvuta huku dereva akikanyaga breki.

Teetor alifariki mwaka 1982, mwenye umri wa miaka 91.