Mkimbizi Aliyechunguza Nyota

Johannes Kepler alizaliwa Ujerumani mwaka 1571. Ndui ya utotoni ilimdhoofisha macho. Mwaka 1600 alifukuzwa Graz, Austria, pamoja na mkewe na binti wa kambo, kwa kukataa kuacha imani ya Kilutheri. Walikimbilia Prague. Huko, mwaka 1610, aliazima darubini (hakuwa na yake!) akaiona miezi minne ya Jupita. Mwaka uliofuata alieleza kwamba lenzi mbili mbinuko huonyesha anga pana zaidi, ingawa picha hupinduka kichwa chini. Wanaastronomia waliufuata mpango huo. Alifariki Regensburg mwaka 1630, safarini kudai fedha zake. Vita viliharibu kaburi lake. Jupita huonekana hapa Kirewa pia, kama nyota kubwa isiyometameta.