Maisha ya Jules Verne, mtunzi wa safari na mashini

Wengi kati yetu tunapenda sinema za watu wanaoenda mwezini. Mmoja wa wazee wa hadisi hizo ni Jules Verne wa Ufaransa.

Alizaliwa Nantes, mji wa merikebu, tarehe 8 mwezi wa pili mwaka 1828. Baba yake, mtu wa sheria, alimtuma Paris asome sheria ili arizi kazi yake. Kijana alimaliza masomo, lakini ile kazi akaikataa. Alitaka kuandika tu. Michezo ya kuigiza haikumletea feza ya kutosha, basi akatumika kwenye soko la feza ili alishe jamaa yake. Aliandika asubuhi mapema, mbele ya kwenda kazini.

Mwaka 1863 akatoa Cinq semaines en ballon. Ballon hapa si ile ya kupiga na mguu! Ni mfuko mkubwa wa idrojeni unaobeba watu watatu toka Zanzibar, juu ya Tabora na ziwa Victoria, mpaka mto Senegal. Gazi ikipashwa moto inapanuka, mfuko unapanda. Ikipoa unashuka, na hivi wanatafuta upepo unaoenda upande wanaotaka. Akili hiyo ni nzuri sana. Lakini kuna pahali wanakuta nyani wengi, toka mbali walizani ni watu wetu, halafu wanachekeshana kwamba tofauti si kubwa. Mimi sikucheka. Verne hakufika Zanzibar hata siku moja. Alisoma vitabu vya wasafiri kama Burton na Barth, akaokota humo elimu na matusi pamoja.

Mwenye kuchapa vitabu vyake, Hetzel, alianzisha gazeti mwaka 1864 la kufundisha vijana na kuwafurahisha kwa mara moja. Verne akalitumikia. Mwaka 1865 aliandika juu ya watu watatu wanaorushwa kwa mzinga toka Florida kwenda mwezini. Wale wa Fizika watasema kishindo kingewaua wote, na ni kweli. Lakini mwaka 1969 Apollo 11 iliondoka Florida pia, na watu watatu ndani.

Mwaka 1886 mtoto wa ndugu yake, mwenye ugonjwa wa akili, alimpiga risasi mguuni, akachechemea mpaka kufa kwake kule Amiens, tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 1905.

Watu wanamsifu kama mpenda mashini. Lakini kuna kitabu alichoandika akiwa bado kijana, juu ya Paris ya mwaka 1960: treni zinasukumwa na hewa, njia zinawaka umeme, kila mtu anahesabu feza. Kijana mmoja anapata zawadi ya mashairi ya Kilatini, watu wote wanamcheka. (Wenzetu wa Latin-Philo, mnasikia?) Hakuna anayetaka kazi yake, anabaki na njaa ndani ya baridi. Hetzel alikikataa, akasema hakuna atakayeamini mambo hayo. Kikalala ndani ya sanduku la chuma mpaka kitukuu wake akakifungua, kikachapwa mwaka 1994.