Jacques Herbrand, kijana wa logiki

Wazazi wengi hapa Kampemba wanatuuliza: mutoto anayependa hesabu tu, atakula nini? Tuwape habari ya Jacques Herbrand.

Alizaliwa Paris mwaka 1908. Akiwa na miaka 17 aliingia École normale supérieure, yeye wa kwanza kwa wote mu konkuru. Kisha akajitia mu logiki. Hapo hautafute jibu la hesabu. Unapima kama njia ya kufika kwenye jibu inasimama, hatua kwa hatua, kama vile sisi tunapima miti inayoshika udongo mbele ya kuingia mu shimo. Pale Paris karibu hakuna mwalimu aliyeijali kazi hiyo. Kitabu chake cha udokta kilipigwa chapa mbali, kule Varsovie. Sorbonne ikampa udokta mwaka 1930.

Sasa musikilize vizuri, wandugu. Fondation Rockefeller, feza iliyotoka kwenye petroli, ikamulipia kwenda kutafuta zaidi Ujerumani: Berlin, Hamburg, Göttingen, kwa wakubwa kama John von Neumann na Emmy Noether. Petroli ililipa logiki! Na shaba yetu je? Sisi wa sendika, tukikaa na wakubwa wa kampuni, tunaomba feza za masomo. Zikipatikana, hazifike kwenye udokta.

Tarehe 27 Julai 1931 Herbrand alianguka mu milima ya Alpes, akafa. Alikuwa na miaka 23. Teorema yake ingali inatumika mu makompyuta yanayohakikisha hesabu.