MFAHAMU ALHAJI ABUBAKAR TAFAWA BALEWA (1912–1966)



Hapa Arusha mjini sote tunalijua Boma la Wajerumani, ngome iliyojengwa mwaka 1900 ili askari wa kigeni wawatawale watu wa chini ya Mlima Meru. Jeshi la kigeni ni mzigo kwa wenyeji. Leo tumtazame Muislamu aliyeisaidia nchi yetu kuutua mzigo wa namna hiyo.

Abubakar alizaliwa Desemba 1912 huko Bauchi, kaskazini mwa Nigeria, katika familia ya kawaida. Alisoma Qur'ani utotoni, kisha akasomea ualimu katika Chuo cha Katsina. Alifundisha Bauchi hadi akawa mwalimu mkuu, na mwaka 1945 akaenda London kuongeza elimu. Aliporudi aliingia katika siasa, na mwaka 1957 akawa Waziri Mkuu. Nigeria ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960.

Wakati wa uhuru serikali yake ilikuwa na mkataba wa ulinzi na Uingereza. Wanafunzi wa vyuo waliandamana kuupinga, wakiona kuwa unaurudisha ukoloni kwa mlango wa nyuma. Mkataba huo ulivunjwa Januari 1962. Kiongozi huyu hakuona aibu kurekebisha jambo ambalo raia wake hawakuliridhia.

Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Waingereza, na tarehe 25 makomando wao wakayazima maasi. Amani ilirudi, lakini ilikuwa fedheha: miaka miwili tu baada ya uhuru, usalama wetu uko tena mikononi mwa mtawala wa jana! Februari mawaziri wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Dar es Salaam, ikakubaliwa Waingereza waondoke na nafasi yao ichukuliwe na Waafrika. Serikali ya Alhaji Abubakar ikatoa batalioni nzima.

Wanajeshi wa Nigeria walifika Aprili 1964. Walilinda usalama huku vijana wetu wakiandikishwa katika jeshi jipya. Septemba, jeshi letu lilipoanza kusimama, walirudi kwao. Mgeni mwema hangoji kufukuzwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1966, katika mwezi wa Ramadhani, askari waasi wa nchi yake mwenyewe walimteka Alhaji Abubakar. Siku chache baadaye mwili wake ulikutwa kando ya barabara nje ya Lagos. Akazikwa Bauchi. Aliyeisaidia nchi ya wenzake baada ya maasi aliuawa na maasi ya kwao.

Wanafunzi wapenzi, tujifunze kumsaidia jirani bila kumtawala, na kuondoka haja inapokwisha. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.