Shekhar Mehta

Shekhar Mehta (Kampala, 20 Juni 1945 – London, 12 Aprili 2006) alikuwa dereva wa mbio za magari aliyezaliwa Uganda na baadaye kuishi Kenya. Anajulikana hasa kwa kushinda mashindano ya Safari Rally mara tano: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia yenye asili ya Uhindi iliyomiliki mashamba nchini Uganda. Alianza kushindana akiwa kijana, na mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika Safari akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari la aina hiyohiyo.

Mwezi Agosti 1972 rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa zilizolazimika kuacha makao yao, naye akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, akisomewa ramani na Lofty Drews, alimaliza Safari akiwa na pointi za adhabu sawasawa na Harry Källström wa Uswidi, ambaye naye aliendesha Datsun. Kanuni ya kuwatenganisha waliolingana ilimpa Mehta ushindi. Katika mashindano ya siku kadhaa na maelfu ya kilomita, dakika moja tu ya kubadilishiwa kifaa njiani ingetosha kumnyima.

Springi na shokapu

Ushindi katika Safari haueleweki bila kutazama chini ya gari. Mashindano yalianza mwaka 1953 na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za kawaida zenye vumbi, mawe na, kwa kuwa ilikuwa majira ya masika, matope. Gari lenye injini kali lakini dhaifu chini halikufika mbali.

Springi hubeba uzito wa gari na kumeza pigo la shimo. Shokapu (kwa jina la zamani shokomzoba) huituliza springi isiendelee kurukaruka. Ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Barabara mbaya ikiwa ndefu, mafuta hupata moto, huwa mepesi na kutoa povu, hata shokapu ikaacha kufanya kazi ingawa haijavunjika. Ndiyo maana shokapu zenye gesi ya shinikizo zinafaa kwa mashindano: shinikizo hilo huzuia povu.

Wengi hudhani dawa ni springi ngumu. Kwa lori la mizigo linalopita Mkolani kutoka Mwanza kwenda Shinyanga, kuongeza pleti ya springi kuna maana, kwani mzigo ni mkubwa. Gari la mashindano ni jepesi. Springi ngumu kupita kiasi hulirusha, tairi huachana na ardhi, na pigo ambalo springi haikulimeza huhamia kwenye bodi na kupasua maungio yake. Springi laini mno nayo huacha tumbo la gari ligonge mawe. Kinachofaa ni springi ndefu yenye ugumu wa kiasi, inayoliinua gari na kulipa tairi nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, pamoja na shokapu inayolingana nayo. Shokapu ikiwa kali mno wakati springi inafunguka, tairi huchelewa kurudi chini, na kila shimo linalofuata hulikuta gari limezama zaidi.

Mehta alishinda kwa mifumo miwili tofauti. Katika Datsun 240Z kila gurudumu lilipanda na kushuka peke yake, mbele na nyuma. Katika Violet (iliyoitwa pia 160J), aliyoshinda nayo Safari kuanzia 1979, magurudumu ya nyuma yaliunganishwa na ekseli moja nzima iliyokaa juu ya springi za kuviringishwa. Kwenye karatasi mfumo wa kwanza ni bora. Lakini ekseli nzima ina vipande vichache vya kupinda, na fundi huweza kuihudumia haraka porini. Kwa Safari hiyo haikuwa faida ndogo.

Ushindi wa mfululizo

Msoma ramani wake katika miaka hiyo minne alikuwa Mike Doughty. Mwaka 1979 alimshinda Hannu Mikkola, aliyekuwa na Mercedes-Benz yenye injini kubwa zaidi kwa mbali. Mwaka 1980 na 1981 wa pili alikuwa Rauno Aaltonen, mwenzake wa timu. Mwaka 1982 alikuwa Walter Röhrl katika Opel, ambaye mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa dunia. Mehta mwenyewe alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa 1981. Alisifika kwa kulitunza gari: hakulichosha mapema.

Miaka ya mwisho

Mkewe, Yvonne, alikuwa pia msoma ramani wake katika baadhi ya mashindano. Mwaka 1987 Mehta aliumia vibaya katika ajali kwenye mbio za jangwani nchini Misri, na huo ukawa mwisho wa udereva wake wa mashindano. Baadaye aliongoza tume ya mashindano ya rali ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari. Idadi yake ya ushindi tano katika Safari ilifikiwa na Mkenya Carl Tundo mwaka 2018.